Kaburi Lisilo na Jina, na Swali la Mwanafunzi Wangu

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipokuwa mwalimu wa historia niliipenda methali hiyo, na mara nyingi niliitumia kufungia somo kengele ilipokaribia kulia. Siku hizi naitamka kwa tahadhari, na aliyenifunza tahadhari hiyo hakuwa profesa wa chuo kikuu. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Miaka michache kabla sijastaafu, Chama cha Historia katika shule niliyokuwa nikifundisha kiliandaa shindano la insha. Kila mwanachama alitakiwa kuchagua mtawala mmoja aliyepinduliwa na kueleza miaka yake ya mwisho. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri na akili pevu alimchagua Napoleon Bonaparte. Insha yake ilikwenda vyema hadi ukurasa wa mwisho, ambapo aliandika bila kusitasita kwamba Napoleon hakufia kisiwani Saint Helena, kwamba maiti iliyozikwa huko ilikuwa ya mtumishi wake, na kwamba mfalme mwenyewe alitoroka akaishi kwa siri. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari mkubwa, nikampa alama mbili kwa ishirini.

Alinijia ofisini siku iliyofuata, insha mkononi. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "mimi nimeyaona mambo haya kwa macho yangu katika filamu." Nikamjibu kwamba filamu ni mchezo tu, na kwamba kila msomi anajua Napoleon aliuawa kwa sumu. Akaniuliza, "Wewe, mwalimu, ulijuaje?" Nikasema nilisoma kitabuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe umesoma, na mimi nimeona." Akachukua karatasi yake akaenda zake.

Msomaji mpendwa, usiku ule sikulala vyema. Nilitambua kwamba yule kijana alikuwa ameniuliza swali ambalo ndilo uti wa mgongo wa somo la historia, nami nikamjibu kwa cheo changu badala ya hoja. Baya zaidi, nilipoanza kuchunguza, nilikuta kwamba jibu langu mwenyewe lilikuwa limechakaa. Makala haya ni ya kulipa deni hilo, ingawa kwa kuchelewa.

Filamu aliyoitazama inaitwa Monsieur N. Ilitoka mwaka wa 2003 chini ya uongozi wa Mfaransa Antoine de Caunes. Philippe Torreton ndiye aliyeigiza Napoleon, naye Richard E. Grant akaigiza Sir Hudson Lowe, gavana aliyekabidhiwa kazi ya kumlinda. Kisa kinatazamwa kupitia kwa afisa kijana wa Kiingereza, ambaye miaka mingi baadaye, mabaki ya Napoleon yanaporudishwa Ufaransa, anaandamwa na shaka: je, aliyemo ndani ya jeneza hili ni nani? Niliitafuta filamu hiyo nikaitazama mara mbili. Nakiri kwamba ni kazi ya kuvutia. Mandhari yake ni ya huzuni, waigizaji wake ni mahiri, na fumbo lake limesukwa kwa ustadi hata mtazamaji anatamani liwe kweli. Tamaa hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Tuanze na yale ambayo hayabishaniwi. Napoleon alizaliwa tarehe 15 Agosti 1769 mjini Ajaccio katika kisiwa cha Corsica. Alipanda ngazi za jeshi kwa kasi ya ajabu, na mwaka wa 1804 akajitawaza kuwa Mfalme Mkuu wa Wafaransa. Waama, aliye juu mngoje chini. Aprili 1814 alilazimishwa kung'atuka, akapelekwa kisiwani Elba karibu na Italia. Hakukaa hata mwaka mmoja. Februari 1815 alitoroka, akatua Ufaransa tarehe mosi Machi, na majeshi yaliyotumwa kumkamata yakageuka kuwa yake. Utawala huo wa pili ulidumu takriban siku mia moja tu. Tarehe 18 Juni 1815 alishindwa kule Waterloo, na mwezi uliofuata akajisalimisha kwa Waingereza ndani ya manowari Bellerophon.

Waingereza walikuwa wamejifunza kutokana na kosa la Elba. Safari hii walimtafutia kisiwa ambacho ni vigumu hata kukiona kwenye ramani. Saint Helena ina ukubwa wa kilomita mraba 122 hivi, nayo imekaa peke yake katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka pwani ya Afrika. Hata katika zama zetu za ndege, abiria wa kawaida walikuwa wakifika huko kwa meli tu hadi mwaka wa 2017, safari za kawaida za ndege zilipoanza. Napoleon alifikishwa huko na meli Northumberland katikati ya Oktoba 1815. Askari zaidi ya elfu mbili wakawekwa kumlinda mtu mmoja. Isitoshe, Uingereza iliteka kisiwa cha Ascension mwaka huo huo, na Tristan da Cunha mwaka uliofuata, ili pasiwe na mahali ambapo merikebu ya kumwokoa ingeweza kujificha.

Miezi miwili ya kwanza aliishi katika kibanda cha bustani penye shamba liitwalo The Briars, mali ya familia ya Balcombe. Huko alizoeana na binti wa nyumba hiyo, Betsy, aliyekuwa bado msichana mdogo na hakumwogopa hata kidogo. Huko pia alimkuta Toby, mtumwa mzee wa asili ya Kimalei aliyekuwa mtunza bustani. Inasimuliwa na waliokuwapo kwamba Napoleon alitaka Toby anunuliwe ili apewe uhuru, lakini jambo hilo halikukubaliwa. Naomba msomaji amkumbuke Toby, kwa sababu nitarejea kwenye habari ya watumwa baadaye.

Desemba 1815 alihamishiwa Longwood, nyumba iliyo kwenye nyanda za juu zenye upepo, ukungu na unyevu usiokoma. Aprili iliyofuata Hudson Lowe akawasili, na vita vya mwisho vya Napoleon vikaanza. Vilikuwa vita vya maneno, vya karatasi na vya majina. Lowe aliagizwa amwite Jenerali Bonaparte, kwa maana Uingereza haikumtambua kuwa mfalme. Napoleon naye alikataa kupokea barua yoyote yenye anwani hiyo. Afisa mmoja alitakiwa kuhakikisha kila siku kwamba amemwona mfungwa kwa macho yake, naye mfungwa akajifungia ndani siku nyingi ili asionekane. Wawili hawa walionana ana kwa ana mara chache tu katika miezi ya mwanzo, kisha hawakuonana tena hadi mmoja wao alipokuwa maiti.

Watu waliomfuata uhamishoni walianza kupungua. Las Cases alifukuzwa kisiwani mwishoni mwa 1816. Jenerali Gourgaud, aliyekuwa na wivu na hasira za karibu, aliondoka mwaka wa 1818. Daktari O'Meara akaondolewa mwaka huo huo. Familia ya Betsy nayo ikaabiri meli ikaenda zake. Cipriani, msimamizi wa nyumba ya Napoleon na Mkorsika mwenzake, alifariki ghafla Februari 1818 baada ya kuugua siku chache. Mwishoni walibaki Jenerali Bertrand, Hesabu wa Montholon, mtumishi wake mwaminifu Marchand, na wengine wachache.

Tarehe 5 Mei 1821, kabla ya saa kumi na mbili jioni, Napoleon alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka 51. Katika wasia wake, alioandika mwezi uliotangulia, alidai kwamba anakufa kabla ya wakati wake, na kwamba wanaomuua ni wakubwa wa Uingereza na kibaraka wao. Maneno hayo ndiyo mbegu ya mafumbo yote yaliyofuata. Marehemu mwenyewe alikwisha kutaja wauaji wake kabla hajafa.

Sasa tuingie katika ushahidi, na hapa nawaomba walimu wenzangu wanisikilize kwa makini, kwa kuwa somo lenyewe liko hapa. Siku iliyofuata maiti ilipasuliwa. Aliyeshika kisu ni Antommarchi, daktari Mkorsika wa Napoleon mwenyewe, na madaktari wa Kiingereza wakasimama wakitazama. Ndani ya tumbo walikuta kidonda kikubwa kilichokuwa kimetoboa ukuta wa tumbo hadi nje, na ini likawa limeziba tundu hilo. Wengi wao waliona dalili za saratani. Baba yake Napoleon, Carlo, alikuwa amekufa mwaka wa 1785 kwa ugonjwa wa tumbo kabla ya kutimiza miaka arobaini.

Hata hivyo, kila upande ulikuwa na sababu ya kupendelea jibu lake. Wafaransa walitaka ionekane kwamba ugonjwa ulikuwa wa ini, kwa sababu ugonjwa huo ungesemekana umeletwa na hali mbaya ya hewa ya kisiwa, na lawama ingewaangukia Waingereza. Waingereza nao walitaka iwe saratani ya kurithi, ambayo haina wa kulaumiwa isipokuwa Mungu na baba yake. Daktari Mwingereza aliyeandika kwamba ini lilikuwa limevimba alilazimishwa na gavana kuyafuta maneno hayo. Antommarchi naye alikataa kutia sahihi kwenye ripoti ya Waingereza. Lakini tazama, ewe mwanafunzi: pamoja na uhasama wote huo, pande zote mbili zilieleza kidonda kile kile katika tumbo lile lile. Mahasimu wanapokubaliana juu ya jambo, jambo hilo lina uzito kuliko lile linalosemwa na rafiki peke yake.

Je, habari ya sumu ilitoka wapi? Katika miaka ya 1950 kumbukumbu za mtumishi Marchand zilichapishwa kwa mara ya kwanza. Daktari wa meno wa Uswidi, Sten Forshufvud, alizisoma, na alipoona maelezo ya maumivu, baridi ya miguu na udhaifu wa bwana yule, akashuku sumu ya aseniki. Alitafuta nywele za Napoleon ambazo watu walikuwa wamezihifadhi kama kumbukumbu, zikapimwa Glasgow, na mwaka wa 1961 matokeo yakatangazwa: nywele zilikuwa na aseniki nyingi kupita kiasi. Baadaye Ben Weider wa Kanada aliipigia debe nadharia hiyo kwa miongo mingi. Kidole kikaelekezwa kwa Montholon, kwamba ndiye aliyetia sumu katika mvinyo. Kikulacho ki nguoni mwako, tukasema. Nami, msomaji, nilikuwa miongoni mwa waliosema. Kwa zaidi ya miaka kumi nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaeleza kwa uhakika kwamba Montholon ndiye muuaji. Kisa kilipendeza, darasa lilitulia, nami nikajiona mwalimu hodari.

Mambo yakaja kubadilika. Ilikwisha kuelezwa kwamba karatasi za ukutani za zama hizo zilitiwa rangi ya kijani yenye aseniki, na kwamba sumu hiyo ilitumiwa pia katika dawa na vitu vingi vya nyumbani. Kisha mwaka wa 2008 wanasayansi wa Italia wakapima nywele za Napoleon za nyakati mbalimbali: za utotoni kule Corsica, za Elba, na za Saint Helena. Walipima pia nywele za mwanawe na za Josephine, mkewe wa kwanza. Zote zilikuwa na aseniki nyingi ikilinganishwa na nywele za watu wa leo, na za Saint Helena hazikuzidi nyingine kwa kiasi cha kutia shaka. Ikiwa Montholon alimtilia sumu Saint Helena, ni nani aliyemtilia akiwa mtoto mdogo Ajaccio? Mwaka mmoja kabla ya hapo, jopo la wataalamu wa maradhi lilikuwa limezipitia upya ripoti za upasuaji wa 1821 na kuona kwamba zinaafikiana na saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea. Wengine walilinganisha suruali alizovaa katika miaka ya mwisho wakaona kwamba kiuno chake kilipungua sana miezi ya mwisho, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa saratani.

Naam, sumu yangu ikayeyuka. Niliyempa kijana yule alama mbili kwa ishirini, nami nilistahili ngapi?

Tuigeukie sasa nadharia yake, ile ya maiti iliyobadilishwa. Haikuzaliwa na filamu. Ilienezwa mwaka wa 1969 na mwandishi wa Kifaransa, Georges Rétif de la Bretonne, aliyewataka Waingereza wamrudishe Napoleon wa kweli. Alidai kwamba waliobebwa kwenda Paris ni mabaki ya Cipriani. Hoja za upande huo zinategemea tofauti ndogondogo kati ya maelezo ya mazishi ya 1821 na maelezo ya kaburi lilipofunguliwa 1840, na ukweli kwamba mwili ulikutwa ukiwa haujaoza kama ilivyotarajiwa.

Tuipime hoja hiyo kwa mizani ile ile. Mwaka wa 1821 maiti ilionwa na maafisa wengi wa Kiingereza, akiwemo Hudson Lowe mwenyewe, mtu ambaye angepoteza kila kitu kama mfungwa wake angetoroka. Tarehe 15 Oktoba 1840 jeneza lilifunguliwa kwa dakika chache mbele ya Bertrand, Gourgaud na Marchand. Hawa waliishi naye, walimvisha, waligombana naye, na Marchand alimhudumia hadi pumzi ya mwisho. Walimtambua, na wengine walilia. Kuhusu mwili kutooza, kumbuka kwamba ulikuwa umefungiwa ndani ya majeneza manne, moja ndani ya jingine: la bati, la mkangazi, la risasi, na tena la mkangazi, kisha ukazikwa katika kaburi lililojengwa kwa mawe na saruji. Ili filamu iwe kweli, itabidi tuamini kwamba watu kadhaa wa mataifa mawili yenye uadui walishirikiana kutunza siri moja maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyeiuza, ilhali wengi wao waliandika kumbukumbu zao.

Kwa hivyo kijana alikosea. Lakini alikosea kwa namna ile ile niliyokosea mimi: sote wawili tulipenda kisa kabla ya kukipima. Na kwa nini kisa kama hiki kinapendwa? Nadhani ni kwa sababu moyo wa binadamu haukubali kwamba mtu mkubwa anaweza kufa kifo kidogo. Yule aliyetetemesha Ulaya nzima, afe kwa ugonjwa wa tumbo katika nyumba yenye panya? La, tunasema, lazima kuna njama. Tunamtafutia muuaji ili kumrudishia heshima. Napoleon mwenyewe alilifahamu jambo hilo vyema, ndiyo sababu alitumia miaka ile kusimulia maisha yake kwa waandishi wake. Kitabu cha Las Cases kilipotoka mwaka wa 1823 kilisomwa kila mahali. Mfungwa aliyeshindwa kwa mizinga alishinda kwa kalamu.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Toby, na watu wengine waliokosa kalamu. Napoleon aliyemwonea huruma mtumwa mmoja ndiye aliyeagiza mwaka wa 1802 utumwa urejeshwe katika makoloni ya Ufaransa. Mwaka huo huo majeshi yake yalimkamata kwa hila Toussaint Louverture, kiongozi wa watu weusi wa kisiwa ambacho sehemu yake sasa ni Haiti. Toussaint alivukishwa bahari akafungiwa katika ngome ya Joux, milimani penye theluji, akafa huko kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili 1803. Hakupewa jopo la madaktari, wala waandishi wa kuchukua maneno yake, wala majeneza manne. Miaka kumi na miwili baadaye, aliyemtia kizuizini alikuwa akilalamika juu ya ubaridi wa Longwood. Dunia ni mviringo, na aliyelisema hilo kwanza alikuwa na macho.

Saint Helena nayo haikuishia kwa Napoleon. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alifungiwa huko kuanzia 1890 hadi 1897. Na yuko mwingine ambaye habari zake zinatugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Agosti 1896, Sultani wa Unguja alipofariki, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme akajitangaza mtawala bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari zao zikalipiga jumba hilo mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, kisha akavushwa hadi Dar es Salaam, alikoishi miaka karibu ishirini. Mwaka wa 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walimkamata. Walimpeleka uhamishoni, Seychelles na Saint Helena. Naam, kisiwa kile kile. Hatimaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na mwaka wa 1927 akafariki mjini Mombasa.

Nilipolisema hili katika Chama cha Historia, wanafunzi walinitazama kana kwamba nawatania. Wengi wao walizaliwa Mombasa. Walijua jina la mke wa kwanza wa Napoleon, lakini hawakujua kwamba mtawala aliyeonja upepo wa Saint Helena alimalizia siku zake katika mji wao. Wala hawakujua kwamba Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa siku moja mwaka wa 1899, wakapelekwa Seychelles. Kwamba Mwanga alifia huko mwaka wa 1903. Na kwamba Kabalega aliruhusiwa kurejea mwaka wa 1923, akafia Jinja kabla hajakanyaga nchi yake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini Kabalega aliifikia ngama akiwa hana pumzi.

Siwalaumu wanafunzi. Walijua walichoonyeshwa, na sisi walimu ndio tulioacha pengo ambalo filamu ililijaza. Wala sisemi kwamba filamu zisitazamwe shuleni. Filamu ile moja iliwasha moto wa udadisi ambao mihadhara yangu ya miaka mingi haikuuwasha. Ninachosema ni kwamba mwalimu asiiache izime peke yake. Wanafunzi wakishatazama, waulizwe maswali manne. Nani alisema jambo hili kwa mara ya kwanza, na alikuwapo? Alikuwa na faida gani kulisema hivyo? Je, adui yake anakubaliana naye katika lolote? Na tangu alipolisema, kuna jipya lililogunduliwa? Maswali hayo hayahitaji maabara wala maktaba kubwa, na yanafaa kwa kitabu cha kiada kama yanavyofaa kwa filamu, na kwa maneno ya mwalimu pia.

Nina jambo moja la mwisho kuhusu Napoleon. Alipozikwa tarehe 9 Mei 1821, katika bonde lenye chemchemi aliyoipenda, ulizuka ugomvi juu ya maandishi ya kaburini. Wafaransa walitaka liandikwe jina moja tu, Napoleon, kama wafalme wanavyoandikwa. Hudson Lowe akasema hapana, lazima liongezwe Bonaparte, kama raia wa kawaida. Hawakuafikiana. Jiwe likawekwa bila neno lolote, na kwa miaka kumi na tisa wapita njia walikuta kaburi lililozungushiwa uzio lisilomtaja aliyemo. Mwaka wa 1840 mabaki yalihamishiwa Paris, na mahali pale pakabaki patupu. Tangu 1858 bonde hilo na nyumba ya Longwood ni mali ya Ufaransa. Kaburi tupu lisilo na jina bado lipo, likitunzwa vizuri.

Yule kijana nilimwita ofisini kabla ya muhula kwisha. Nikamwambia kwamba nilikosea kuhusu sumu, nikamwonyesha kwa nini, na nikamweleza kwa nini nilidhani yeye naye alikosea kuhusu maiti. Alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu makali, kisha akaomba aiandike insha upya. Nilimkubalia. Safari hii hakuandika juu ya Napoleon. Alimchagua Khalid bin Barghash, na ili kumwandika alikwenda Mji wa Kale kuwauliza wazee. Kila alilosikia aliliandikia pembeni nani aliyelisema, alilipata kwa nani, na kama kuna mwingine aliyemuunga mkono. Kulikuwa na mistari ambayo pembeni yake aliandika tu: "Haijathibitishwa."

Nilimpa kumi na saba kwa ishirini. Zile tatu nilizozizuia zilikuwa za sarufi.